Nani Alipima, Lini, na Maji Yakiwa Wapi? Historia ya Ramani za Ziwa Albert na Nile ya West Nile na Funzo Lake katika Uteuzi wa Programu za Kuongozea Mashua za Tanga

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya upimaji wa Ziwa Albert na sehemu ya Mto Nile inayopita West Nile, tangu safari ya Samuel Baker mwaka 1864 hadi enzi ya simu za mkononi. Lengo ni kujibu swali linalowakabili manahodha na washauri wa sera kwa pamoja: programu ipi ya ramani za kielektroniki inafaa kuongozea mashua za tanga katika maji haya? Hoja kuu ni kwamba ubora wa programu haupimwi kwa mwonekano wa kioo wala kwa usahihi wa satelaiti peke yake. Unapimwa kwa uwazi wake kuhusu asili ya vipimo inavyoonyesha: nani alipima, lini, kwa chombo gani, na kutoka usawa upi wa maji.

1.0 Utangulizi

Eneo la Logiri, kusini mwa mji wa Arua katika nyanda za juu zinazopakana na Kongo, halina ziwa wala bandari. Hata hivyo, kwa muda mrefu wa karne ya 20, mtu aliyetoka Logiri, Arua au Koboko kwenda mbali alisafiri kwa maji. Barabara iliteremka kutoka milimani hadi Rhino Camp, kwenye ukingo wa Nile ya Albert, na kutoka hapo chombo kilimpeleka Pakwach, kisha Butiaba ng'ambo ya ziwa. Pamba na tumbaku zilipita njia hiyo. Askari walipita njia hiyo, na vibarua waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi walipita hapo hapo. Reli ilipofika Pakwach mwaka 1964, njia hiyo ya maji ilianza kusahaulika katika mipango ya serikali, lakini haikusahaulika na wananchi. Wavuvi, wachuuzi na wakimbizi wanaendelea kuitumia hadi leo.

Umuhimu wa suala hili si wa kinadharia. Mwezi Machi 2014 mashua iliyokuwa imewabeba wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirejea kwao kutoka Uganda ilipinduka katika Ziwa Albert, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Ajali za namna hiyo husababishwa na mambo mengi: kujaza chombo kupita kiasi, kukosa majaketi ya kuokolea, dhoruba. Ramani haiondoi hata moja kati ya hayo. Lakini kila mpango wa usalama wa maziwa unaobuniwa sasa hugusia simu ya mkononi kama chombo cha kuongozea, na hapo ndipo historia inapopaswa kuulizwa kabla ya fedha za umma kutumika.

2.0 Elimu ya Uongozaji Kabla ya Ramani

Katika mwambao wa Afrika Mashariki elimu ya kuongoza chombo ilikuwapo karne nyingi kabla ya ramani za Kizungu. Ahmad ibn Majid, mwanamaji wa karne ya 15 kutoka Julfar katika Ghuba, aliandika kwa nathari na kwa tungo kuhusu njia za Bahari ya Hindi, zikiwamo njia za kuelekea Sofala. Maelekezo yake yalitegemea vimo vya nyota, dalili za nchi kavu, rangi ya maji, na zaidi ya yote, msimu. Manahodha wa Waswahili nao walihesabu siku za mwaka kuanzia Nairuzi ili kujua lini kaskazi itageuka kuwa kusi. Katika mapokeo hayo hakuna njia isiyo na wakati wake, kwani bandari iliyo salama katika msimu mmoja huweza kuwa mtego katika msimu mwingine.

Upimaji wa Kapteni William Owen wa Jeshi la Majini la Uingereza, uliofanyika katika pwani ya Afrika kati ya 1822 na 1826, ulileta desturi nyingine. Vina vilipimwa kwa bildi, vikaandikwa kwa pima kwenye karatasi, na karatasi hiyo ikawa na mamlaka kumshinda nahodha. Faida yake ilikuwa kubwa: mgeni aliweza kuingia bandari asiyoijua. Hasara yake ilijitokeza polepole. Namba iliyochapwa haizeeki machoni pa msomaji, ilhali fungu la mchanga lililopimwa linahama.

Tofauti hii kati ya elimu yenye wakati na namba isiyo na wakati ndiyo itakayotuongoza tunapoingia bara.

3.0 Ziwa Lililobadilika Umbo Kwenye Karatasi

Samuel Baker na mkewe Florence waliliona ziwa tarehe 14 Machi 1864, wakaliita jina la Albert, mume wa Malkia Victoria. Walifuata ufuo wa mashariki kwa mitumbwi kuelekea kaskazini hadi Magungo, mahali Nile inapoingia. Sehemu ya kusini hawakuifika. Hata hivyo, kitabu cha Baker kilichotoka mwaka 1866 kiliwapa wasomaji wa Ulaya ziwa kubwa mno, linaloendelea kusini mbali na mahali alipopaona kwa macho yake. Sehemu aliyoipita na sehemu aliyoisikia kwa watu zilikaa katika mchoro mmoja, na msomaji wa kawaida hakuwa na njia rahisi ya kuzitenganisha.

Mwaka 1876 Romolo Gessi, Mwitaliano aliyekuwa akimtumikia Charles Gordon katika jimbo la Ekwatoria, aliondoka Dufile na mashua mbili za chuma zenye matanga, akapanda Nile hadi ziwani, kisha akalizunguka ziwa lote. Safari hiyo inastahili kukumbukwa katika mjadala wetu kwa sababu ni upimaji uliofanywa kwa tanga, kutoka West Nile yenyewe. Gessi alirudi na ziwa dogo kuliko la Baker. Lakini upande wa kusini alikuta mafunjo na miti ya majini imeziba njia, akahitimisha kwamba ziwa linaishia hapo bila mto mkubwa unaoingia. Mwaka uliofuata Alexander Mason alilizunguka tena, safari hii kwa stima iliyoitwa Nyanza, akaona kwamba kuna mto unaoingia kusini. Huo ndio Semliki.

Watu watatu, katika muda wa miaka 13, walichora maziwa matatu. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alichora kile ambacho chombo chake, msimu wake na mimea ya mwaka ule vilimruhusu kukiona. Leo twajua kwamba ziwa lina urefu wa takriban kilomita 160 na upana wa takriban kilomita 30, na kina chake kikubwa hakifiki mita 60. Tatizo la Baker na Gessi, hata hivyo, halijaisha. Limehamia kwenye simu. Programu nyingi huonyesha sehemu iliyopimwa na sehemu iliyokisiwa kwa rangi ile ile ya samawati, na mtumiaji hukaa mahali pale pale alipokaa msomaji wa mwaka 1866.

4.0 Njia ya Stima na Maji ya Tanga

West Nile ilipita mikononi mwa watawala kadhaa kwa haraka. Eneo la Lado lilikodishwa kwa Mfalme Leopold wa Pili mwaka 1894, likarudi chini ya Sudan mwaka 1910 baada ya kifo chake, na sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda mwaka 1914, mwaka ambao Arua ilianza kuwa makao ya utawala. Kila mtawala alihitaji mto, kwa kuwa kutoka ziwani hadi Nimule, umbali wa zaidi ya kilomita 200, Nile ya Albert inapitika bila maporomoko. Baada ya Nimule, maporomoko ya Fola huzuia kila chombo.

Stima zilizofuata, kama Samuel Baker na Robert Coryndon ziwani na Lugard mtoni, ziliunda jiografia yake ya maji. Stima huenda kwa mstari kutoka gati hadi gati, na vina vinavyomhusu nahodha wake ni vya mstari huo. Mashua ya tanga ina mahitaji mengine. Upepo unapotoka mbele, nahodha hulazimika kubisha: huenda joshi upande mmoja, hugeuza tanga, huenda joshi upande wa pili, na kila mgeuko humleta karibu na ufuo. Usiku hutafuta upepo wa nchi kavu unaoteremka kutoka kwenye kingo za Bonde la Ufa, na upepo huo hupatikana pembeni, si katikati. Kwa hiyo maji anayoyahitaji kuyajua ni yale hasa ambayo mpimaji wa stima hakuwa na sababu ya kuyapima.

Hali hii inajirudia katika programu za kisasa. Baadhi yake hukusanya vina kutoka kwa watumiaji wenye vipima-kina vya mawimbi ya sauti, kisha huchora mistari ya kina kwa takwimu hizo. Mfumo huo ni mzuri mahali penye boti nyingi za starehe. Katika Ziwa Albert, ambako mashua ya kawaida haina kipima-kina, ramani hubaki tupu au hujazwa kwa makisio ya kompyuta. Programu iliyosifiwa Ulaya kwa wingi wa maelezo haina budi kuulizwa: je, maelezo hayo yapo Panyimur na Obongi pia?

5.0 Maji Yanapopanda

Kila namba ya kina kwenye ramani huhesabiwa kutoka usawa fulani wa maji. Baharini usawa huo huhusishwa na maji kupwa, na mabadiliko yake ya kila siku hutabirika. Ziwani hali ni nyingine. Kati ya 1961 na 1964 mvua kubwa zilipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili, na Ziwa Albert, linalopokea maji yake kupitia Nile, nalo likapanda. Bandari ya Butiaba ilifurika na kuachwa, na stima Robert Coryndon ikaishia kuzama. Hivyo njia ya maji ya West Nile ilivunjwa kwa sehemu na reli na kwa sehemu na ziwa lenyewe.

Mwaka 2020 historia ilijirudia. Mwezi Mei maji ya Ziwa Victoria yalifikia mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, kiwango kinacholingana na kile cha mwaka 1964, na maeneo mengi ya kutia nanga katika Ziwa Albert yakafurika. Gati la zamani, uzio, visiki vya miti na kuta za nyumba vilikuwa sasa chini ya maji, mahali ambapo ramani ilionyesha nchi kavu. Mwezi Aprili mwaka huo huo kisiwa cha mimea kinachoelea kilifika kwenye bwawa la umeme huko Jinja na kuzima umeme katika sehemu kubwa ya nchi. Kisiwa cha aina hiyo hakiwezi kuwekwa kwenye ramani yoyote. Nahodha hukiona, au hukisikia kwa wenzake.

Ramani ya maziwa isiyotaja usawa wake wa maji, basi, si pungufu kidogo tu. Haijakamilika kama chombo cha usalama. Jambo la kutia moyo ni kwamba takwimu za usawa zipo. Kipimo cha Butiaba kina kumbukumbu ndefu tangu enzi ya ukoloni, na satelaiti zimekuwa zikipima vimo vya maziwa makubwa tangu mwaka 1992. Kinachokosekana ni kuunganisha namba hizo na kina kinachoonekana kwenye simu.

6.0 Usahihi wa Satelaiti na Kosa la Mita 300

Mwezi Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi ishara za GPS zilizotolewa kwa raia. Kwa siku moja kosa la kawaida lilishuka kutoka mita 100 hivi hadi chini ya mita 20, na simu za leo hufikia mita tano penye anga wazi. Ni rahisi kuhitimisha kwamba tatizo la kujua mahali ulipo limekwisha.

Hitimisho hilo linasahau kwamba ramani nayo ina mahali pake. Ramani za Uganda za kipimo cha 1:50,000, zilizotengenezwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni na baada yake, zilijengwa juu ya mfumo rejea wa Arc 1960, uliotokana na upimaji wa longitudo ya 30 Mashariki. GPS hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Katika eneo letu mifumo hiyo miwili hutofautiana kwa takriban mita 300, hasa katika mwelekeo wa kaskazini na kusini. Mtu akipiga picha ramani ya zamani na kuiweka ndani ya programu bila kuigeuza, alama ya mashua itatulia kwenye kioo kwa uthabiti mkubwa, mita 300 mbali na mahali pake. Katikati ya ziwa kosa hilo halidhuru. Mtoni latosha kumtoa nahodha kwenye mkondo na kumwingiza katika mafunjo, au kumtuliza akidhani yumo mkondoni ilhali yumo kwenye fungu.

Ramani za rasta, yaani picha za karatasi, ziko wazi zaidi kwa kosa hili, lakini zina fadhila moja: mara nyingi hubakiza tarehe ya upimaji na jina la mpimaji pembezoni. Ramani za vekta, ambazo kila kitu ndani yake kimehifadhiwa kipekee, huweza kukuzwa bila kikomo, na ukuzaji huo humdanganya mtazamaji. Ufuo uliochorwa kwa kipimo kidogo huonekana wa kina na uhakika pindi unapokuzwa, ingawa hakuna kipimo kipya kilichoongezwa.

7.0 Mpaka Majini

Ramani ya ziwa hubeba pia mstari wa dola. Mpaka wa Uganda na Kongo unapita ndani ya Ziwa Albert kwa kufuata makubaliano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1915, na karibu na mdomo wa Semliki, mahali pale pale palipowatatiza Gessi na Mason, mto umekuwa ukihama. Mwaka 2007 mgogoro kuhusu kisiwa cha Rukwanzi ulisababisha mapigano, na Septemba mwaka huo viongozi wa nchi hizo wakatia saini makubaliano huko Ngurdoto, Tanzania. Mvuvi anayeonyesha simu yake kwa askari wa doria kama ushahidi kwamba hajavuka mpaka anategemea mstari uliochorwa na kampuni ambayo haikuwa na mamlaka ya kuuchora. Programu inayopendekezwa na serikali lazima itamke kwamba mpaka wake ni wa makadirio. Vinginevyo inampa mwananchi kinga isiyokinga.

8.0 Vigezo vya Uteuzi

Sheria za kimataifa hazitoi jibu la moja kwa moja. Masharti ya Shirika la Kimataifa la Bahari kuhusu mifumo ya ramani za kielektroniki, yaliyoanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2012, yanahusu meli kubwa. Mashua ya tanga imeachiwa hiari yake. Wakati huo huo ramani za karatasi zinaondoka: mamlaka ya haidrografia ya Uingereza ilitangaza mwaka 2022 nia ya kuacha kuzichapisha, kisha ikaahirisha hatua hiyo hadi angalau mwaka 2030.

Hata hivyo, mfumo wa meli kubwa una jambo moja la kuazima. Shirika la Kimataifa la Haidrografia hutaka kila eneo la ramani rasmi lipewe daraja la kutegemeka: A1, A2, B, C, D, au U kwa eneo lisilotathminiwa. Daraja A1 huahidi kosa la mahali lisilozidi mita tano pamoja na asilimia tano ya kina. Daraja C huruhusu hadi mita 500. Nahodha anayejua kwamba yumo katika daraja D au U huweka mtu wa kupima kina kwa upondo mbele ya chombo, kama walivyofanya wazee wake. Kigezo cha kwanza cha uteuzi, kwa hiyo, kiwe hiki: programu inaonyesha daraja la kutegemeka la kila sehemu, au angalau mwaka na chanzo cha upimaji? Isiyoonyesha isipendekezwe na taasisi ya umma, hata iwe nzuri kiasi gani.

Kigezo cha pili ni usawa wa maji: programu imruhusu mtumiaji kuingiza kimo cha ziwa cha wiki hiyo na kurekebisha vina. Cha tatu ni mfumo rejea, ambao utajwe waziwazi. Cha nne ni uwezo wa kufanya kazi bila mtandao, kwa kuwa katikati ya ziwa hakuna mnara wa simu. Cha tano ni uhuru wa kuongeza vipimo vya wenyeji. Programu huria kama OpenCPN hupokea ramani zilizotengenezwa na watumiaji, na kwa sababu hiyo zinafaa kwa majaribio ya kitaasisi. Cha sita ni lugha. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na West Nile ni eneo ambalo Kiswahili kilienea mapema kupitia jeshi na biashara. Onyo la kina likiandikwa kwa Kiingereza pekee, linamfikia afisa kabla ya kumfikia mwenye usukani.

9.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na historia iliyojadiliwa, makala haya yanatoa mapendekezo matatu kwa watunga sera. Kwanza, uchunguzi wa mitetemo uliofanywa ziwani wakati wa kutafuta mafuta, ambayo kuwapo kwake kulithibitishwa mwaka 2006, ulihitaji vipimo vya kina. Sehemu hiyo ya takwimu haina siri ya kibiashara inayolingana na thamani yake kwa usalama, na serikali iombe itolewe kwa umma. Pili, kila gati kutoka Panyimur hadi Laropi liwekewe ubao wa kimo cha maji, unaosomwa kila wiki na kutangazwa redioni. Gharama yake ni ndogo kuliko ya programu yoyote, na bila ubao huo hakuna programu itakayosema kweli. Tatu, maarifa ya manahodha wa tanga kuhusu mafungu, upepo wa usiku na visiwa vinavyoelea yakusanywe yakiwa na tarehe na msimu, na wenye maarifa hayo watambuliwe kama wapimaji, si kama watoa habari.

Baker, Gessi na Mason walipishana kwa sababu kila mmoja alikuwa na chombo chake na mwaka wake. Ramani zao zilirekebishwa kwa kuwa mpimaji wa kila moja alijulikana, na aliyemfuata alijua ni wapi pa kutilia shaka. Programu inayoficha mpimaji wake inafunga mlango huo wa marekebisho. Kwa abiria wa Logiri anayeteremka Rhino Camp na mzigo wake, swali la programu ipi inunuliwe na mradi upi ugharimiwe huamuliwa mbali naye. Haki yake ya chini kabisa ni kwamba aliyeamua aliuliza nani alipima, lini, na maji yakiwa wapi.